Wakfu wa Jamaa na Akiba ya Uzeeni

Waislamu wa pwani ya Afrika ya Mashariki waliweka wakfu nyumba, mashamba na visima tangu zamani. Kuna wakfu wa kheri, kama msikiti na madrasa; na kuna wakfu wa jamaa, ambao mwenye mali huwawekea watoto na wajukuu, na nasaba ikikatika mapato huwaendea maskini. Huu wa pili ndio uliofikishwa mbele ya mahakimu wa Kiingereza.

Mwaka 1894, katika kesi iliyotoka Bengal, baraza la rufaa la kifalme, London, liliamua kwamba wakfu ambao maskini wamewekwa mbali mno, nyuma ya jamaa, ni batili. Mahakimu wale waliipima sadaka kwa kipimo cha kwao. Kumbe katika sheria ya Kiislamu kumlisha jamaa yako ni sadaka, tena yenye thawabu mbili. Waislamu wa Bara Hindi hawakunyamaza. Muhammad Ali Jinnah alipeleka mswada, na mwaka 1913 wakfu wa jamaa ukahalalishwa huko. Afrika ya Mashariki ilikawia. Katika kesi ya Bakhshuwen kutoka Kenya, baraza lile lile lilishikilia hukumu ya 1894. Na mwaka 1951 Kenya ikatunga sheria yake ya wakfu, iliyoutambua wakfu wa jamaa.

Malawi swali limekuja kwa mlango mwingine. Sheria ya pensheni ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika 2011, iliagiza mwajiri achangie asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 5. Kwa hiyo karani wa Lilongwe asiye na shamba wala nyumba ana akiba, na katika fomu pana nafasi ya kuandika atakayelipwa yeye akifa. Je, aweza kuandika jina la wakfu?

Katika madhehebu ya Shafi, mtu hawezi kuweka wakfu asichokimiliki. Lakini wakfu uliofungwa na mauti huchukua hukumu ya wasia: hauzidi theluthi ila kwa ridhaa ya warithi, na ukimpendelea mrithi mmoja, wenzake lazima waridhie. Hapa ndipo wengi huteleza, wakidhani kalamu ya ofisi huifuta mirathi. Mjane na mayatima huja kulia baadaye.

Tena fedha yenyewe haidumu; ikitumiwa imekwisha. Hapo zama za Waosmani Ebussuud Efendi aliruhusu wakfu wa fedha, lakini Mashafi hawakumfuata. Njia iliyo salama kwao ni kuusia kwamba fedha inunue nyumba au kiwanja, nacho kiwe wakfu, chini ya wadhamini walioandikwa kwa hati kabla ya jina lao kutiwa katika fomu.

Dzaleka, wilayani Dowa, iliyokuwa gereza kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994, jambo ni zito zaidi. Ardhi si yao, basi hakuna aliyeweza kuweka wakfu kiwanja chake. Nayo Malawi iliukubali mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 kwa kujiwekea masharti juu ya haki ya kuajiriwa, kwa hiyo wachache tu wana pensheni. Waliobaki huweka wakfu walivyo navyo: misahafu, mikeka na majamvi ya msikitini, vitu ambavyo wakfu wake unasihi bila ya fomu yoyote, maadamu mwenyewe amevitamkia.