Mashini ya kuosha vyombo: inasuuza na kukausha namna gani?

Mashini ya kuosha vyombo haipatikani katika nyumba nyingi za Kivu, Ituri ao Tanganyika. Inaomba umeme na maji ya robine. Lakini kazi inayofanya kisha sabuni kutoka ni ya kujua, maana hata mwenye kuoshea ndani ya beseni anaweza kuifuata.

Mashini ya kwanza iliyopata wanunuzi ilitengenezwa na mama mmoja wa Marekani, Josephine Cochrane, aliyepewa hati ya uvumbuzi mwaka 1886.

Kusuuza

Kisha kuosha, pampu inavuta maji machafu na kuyamwaga nje. Maji mapya yanaingia, yanarushwa na mikono yenye matundu inayozunguka, kisha yanamwagwa pia. Suuzo la mwisho ndilo la maana: maji yanapata moto, mara nyingi digrii 60 mpaka 70. Hapo mashini inaongeza dawa kidogo ya kusuuza. Dawa hiyo inazuia maji kujikusanya kuwa matone. Yanatandaa na kuteremka. Bila dawa, kila tone linakauka pahali pake na kuacha alama nyeupe ya chokaa.

Kukausha

Watu wengi wanafikiri mashini inapuliza upepo. Zingine zinafanya hivyo, lakini nyingi zinatumia moto uliobaki ndani ya vyombo. Sahani yenye moto inageuza maji kuwa mvuke. Mvuke unagusa ukuta wa chuma uliopoa kuliko sahani, unageuka tena maji na kuteremka chini, kisha pampu inayatoa.

Juu ya nini vyombo vya plastiki vinatoka vingali na maji? Plastiki ni nyepesi, inapoa haraka. Sahani nzito na sufuria vinashika moto muda mrefu.

Nyumbani

Mambo mawili yanabaki: maji ya mwisho yawe safi, na chombo kikauke bila kupanguswa. Ukisuuza sahani kumi ndani ya beseni moja, ile ya kumi inapata uchafu wa zile tisa. Kitambaa kibichi nacho kinahamisha vijidudu toka chombo kimoja mpaka kingine.

Kando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, kipindupindu kinarudi mara kwa mara. Maji ya ziwa yasiyotiwa dawa yanaweza kurudisha ugonjwa kwenye sahani iliyooshwa vizuri na sabuni. Bora kusuuza kwa maji yaliyochemshwa ao yenye klori, ukiyamwaga juu ya chombo kwa kikombe, kisha kukiinamisha kwenye kichanja kwenye jua. Vijidudu vya kipindupindu havivumilii ukavu. Jua na hewa vinafanya kazi ile ya moto wa mashini, tena bila umeme.