Mwaka wa Harvard na kibali cha kutorudi

Karatasi ambayo serikali ya Afrika Kusini ilimpa Nat Nakasa mwaka 1964 ilimruhusu jambo moja tu: kutoka. Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa kimempa nafasi ya kukaa mwaka mmoja akisoma apendacho, naye akaomba pasipoti kama msafiri yeyote. Akanyimwa. Badala yake akapewa kibali cha kuondoka moja kwa moja. Aliyekitumia alipoteza haki ya kurudi kwao, na akithubutu kurudi angekamatwa. Nakasa akakichukua. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Nafasi yenyewe ilitokana na fedha za mjane. Agnes Wahl Nieman alifariki Februari 1936, miezi michache tu baada ya mumewe Lucius, aliyelijenga gazeti la The Milwaukee Journal. Katika wosia aliiachia Harvard zaidi ya dola milioni moja ili kiwango cha uandishi wa habari Marekani kiinuliwe. Rais wa chuo, James Bryant Conant, hakutaka kufungua shule ya uandishi. Akaja na jaribio ambalo hata yeye hakuwa na hakika nalo: wachukuliwe waandishi walio kazini, walipwe posho, waachwe mwaka mzima wasome historia, uchumi, sheria au fasihi, pasipo mtihani wala cheti. Kundi la kwanza, wanaume 9, wote Wamarekani, liliingia mwaka 1938. Sharti kubwa lilikuwa kwamba mwaka ukiisha, kila mtu arudi kwenye gazeti lake. Mwandishi wa kwetu ambaye kuomba ruhusa ya wiki mbili tu ni kesi, atasoma habari hizi kwa wivu kidogo.

Milango ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1951, na kuanzia 1960 waandishi wa Afrika Kusini wakaanza kuchaguliwa, weusi kwa weupe. Si bahati nasibu kwamba ilikuwa miaka hiyo. Mataifa mapya ya Afrika yalikuwa yanazaliwa, na vita baridi ilikuwa inatafuta marafiki kwenye vyumba vya habari. Mwaka 1961 World Press Institute ilianza katika Chuo cha Macalester, Minnesota. Mwaka 1962 tajiri wa magazeti Roy Thomson aliunda mfuko ulioleta waandishi wa nchi changa kusomea Cardiff, huko Wales. Mwaka uliofuata Ujerumani Mashariki nayo ikafungua shule yake Friedrichshagen, pembezoni mwa Berlin, iliyojulikana kama Shule ya Mshikamano, ikipokea vijana wa magazeti na redio kutoka Afrika, Asia na nchi za Kiarabu. Kijana aliyeandikia gazeti la chama angeweza kualikwa na pande zote mbili ndani ya mwaka mmoja, na wapo waliojua kuutumia vizuri ushindani huo.

Afrika Mashariki nayo haikukaa kando. Mwaka 1963 Tom Hopkinson alifika Nairobi kuendesha mafunzo ya Taasisi ya Kimataifa ya Habari, IPI, kwa waandishi Waafrika, kwa fedha za Ford Foundation. Huyu ndiye Hopkinson aliyekuwa mhariri wa jarida la Drum kule Johannesburg kuanzia 1958, na mmoja wa vijana waliokuwa chini yake alikuwa Nakasa.

Nakasa alitokea Durban, alikoanzia kwenye gazeti la Kizulu, Ilanga Lase Natal. Kalamu yake haikuwa ya kupiga kelele. Aliwacheka Makaburu kwa upole, mcheko unaouma kuliko matusi, na Rand Daily Mail, gazeti la wasomaji weupe, lilimpa safu ya kila wiki, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea kwa mwandishi mweusi gazetini hapo. Mwaka 1963 alianzisha jarida la fasihi, The Classic. Husimuliwa kwamba jina hilo lilitoka kwenye duka la dobi ambalo nyuma yake palikuwa na kilabu cha pombe, na wazo la jarida lilizaliwa humo.

Fedha za The Classic zilitoka kwa Farfield Foundation ya New York. Baada ya Nakasa kufariki ilifichuka kuwa Farfield ilikuwa mfereji wa fedha za shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa anafadhiliwa kwa siri na serikali moja huku akifukuzwa waziwazi na nyingine, na hakuna iliyomuuliza anataka nini.

Harvard ilimpa vitabu na marafiki. Haikuweza kumpa nchi. Alikwenda Harlem akaandika habari zake, akaona kuwa ubaguzi una lafudhi ya Kimarekani pia. Mwaka ukaisha, wenzake wakafungasha kurudi makwao kama sharti lilivyotaka, yeye hakuwa na pa kurudi. Tarehe 14 Julai 1965 alianguka kutoka ghorofa ya 7 ya jengo ambalo mkurugenzi wa Farfield alikuwa akiishi, New York. Polisi walisema amejiua. Alizikwa Hartsdale, katika makaburi ambamo Malcolm X alikuwa amezikwa miezi michache kabla. Mwaka 2014 mabaki yake yalirudishwa Durban na kuzikwa upya Chesterville.

Miaka kumi baada ya kifo chake, Percy Qoboza alikwenda Harvard kwa nafasi ileile. Yeye aliruhusiwa kurudi. Nadhani serikali ya Pretoria ilijuta.

Qoboza alikuwa mhariri wa The World, gazeti la wasomaji weusi lililokuwa mali ya kampuni ya Wazungu na lililojulikana zaidi kwa habari za michezo na uhalifu. Hakuondoka akiwa mwanaharakati. Baadaye alieleza kwamba kilichomtisha Marekani ni kugundua jinsi alivyokuwa ameuzoea uonevu na kuuona kama desturi ya maisha. Aliporudi, mambo aliyokuwa akiyavumilia yakawa yanamkasirisha, na gazeti lake nalo likawa na hasira. Alirejea mwaka 1976. Tarehe 16 Juni, wanafunzi wa Soweto walipoandamana na polisi wakafyatua risasi, mpiga picha wa The World, Sam Nzima, ndiye aliyepiga picha ya mwanafunzi Hector Pieterson akibebwa baada ya kupigwa risasi. Dunia nzima iliiona.

Tarehe 19 Oktoba 1977 waziri Jimmy Kruger alilifunga gazeti, na Qoboza akawekwa kizuizini miezi kadhaa bila kushtakiwa. Siku hiyohiyo Donald Woods, mhariri mzungu wa Daily Dispatch, alipigwa marufuku. Alitoroka kupitia Lesotho akiwa amevaa kama padri, na baadaye akapata nafasi Harvard yeye pia.

Wafadhili wa Magharibi na wa Mashariki walidhani wanatafuta marafiki. Ofisa wa Pretoria aliyekataa kugonga muhuri kwenye pasipoti aliielewa programu hii kuliko wao: mwaka mmoja mbali na dawati haumfundishi mtu kuandika vizuri zaidi, unamfanya ashindwe kuandika kama zamani.

Zwelakhe Sisulu, mwandishi na mtoto wa wapigania uhuru Walter na Albertina Sisulu, naye alikwenda Harvard mwaka 1984 akarudi kuongoza New Nation, gazeti lililoungwa mkono na maaskofu Wakatoliki. Desemba 1986 alikamatwa, akakaa kizuizini miaka miwili. Mwaka 1994, baada ya uchaguzi uliomwingiza Mandela Ikulu, alikabidhiwa uongozi wa SABC, shirika la utangazaji ambalo kwa miongo kadhaa lilikuwa limesema kile tu Makaburu walichotaka kisikike.