Mwamba wa Mei 2011

Katika CFL, ligi ya futiboli ya Kanada, timu iliyofanya vibaya kuliko zote ndiyo kwa kawaida hutangulia kuchagua wachezaji wapya. Kwa hiyo matumaini hugawanywa kinyume cha ushindi: aliyepigwa zaidi hupata fungu kubwa zaidi. Msimu wa 2010 timu ya Winnipeg Blue Bombers ilicheza mechi 18, ikashinda 4 na kupoteza 14. Ilikuwa haijalishika Kombe la Grey, taji kuu la ligi hiyo, tangu 1990. Mei 2011 ikaita jina la kwanza: Henoc Muamba, mlinzi kutoka Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Mississauga, Ontario.

Jina ndilo lililonivuta. Sikio la Kiswahili husikia “mwamba”, na mtaani kila mtu anajua mwamba ni nani: mtu wa kazi, asiyesukumika. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusoma maneno ya watu walioandika bila kuijua kesho. Tathmini za uteuzi wa wachezaji ni maandishi ya aina hiyo. Huandikwa usiku uleule au asubuhi yake, kabla kijana hajavaa jezi, na mwandishi anayeipenda timu yake haishiwi sababu za kufurahi. Ni rahisi kuzicheka. Mimi nimeamua kuzichukulia kwa uzito, na nimechukua mwaka 2011 kwa sababu yaliyofuata sasa yanajulikana.

Kwanza mchezo wenyewe. Si soka. Ni ule wa mpira wenye umbo la yai, ndugu wa futiboli ya Marekani, ila Kanada kila upande una wachezaji 12 badala ya 11, uwanja una urefu wa yadi 110 badala ya 100, na timu hupewa majaribio 3, si 4, ya kuusogeza mpira yadi 10. Wachezaji wengi hutoka Marekani. Ili vijana wa nyumbani wasimezwe, ligi iliweka sharti: kwa miaka mingi, kati ya 24 wanaoanza mechi, angalau 7 wawe Wakanada. Uteuzi wa kila mwaka ni kwa ajili ya Wakanada hao. Mmarekani akiumia, wapo wenzake wengi wanaosubiri simu. Mkanada mzuri akikosekana, kocha hulazimika kupanga upya kikosi kizima.

Basi furaha ya Winnipeg ilikuwa na hesabu nyuma yake. Mlinzi Mkanada anayeweza kuanza kila wiki ni mali adimu. Na kwa muda mfupi hesabu ilionekana kutimia: msimu huohuo timu iliyokuwa mkiani ilishinda mechi 10 na kufika fainali, Vancouver. Huko ikafungwa na BC Lions 34 kwa 23.

Siku hiyo tuzo ya Mkanada bora wa fainali ilikwenda kwa mkimbiaji wa BC aitwaye Andrew Harris. Harris ni mzaliwa wa Winnipeg. Hakupitia chuo kikuu. Alitokea ligi ya vijana, katika timu ya Vancouver Island Raiders, na jina lake halikuwahi kuitwa katika uteuzi wowote. Mji uliokuwa ukishangilia namba moja wake ulipigwa na mtoto wake mwenyewe ambaye hakuwa na namba.

Muamba alikaa Winnipeg misimu mitatu. Mwaka 2014 alikwenda Indianapolis kujaribu ligi ya Marekani, na aliporudi Kanada alivaa jezi za Montreal na Saskatchewan. Ukiifunga hesabu hapo, utasema uteuzi ule uliiletea Winnipeg mlinzi mzuri na fainali moja iliyopotea.

Lakini angalia mwaka 2019. Muamba, akiwa amerudi Montreal, alitajwa kuwa Mkanada bora wa ligi nzima. Novemba ya mwaka huo Winnipeg ilimaliza ukame wake ilipoifunga Hamilton 33 kwa 12 mjini Calgary. Mchezaji bora wa fainali na Mkanada bora wa fainali alikuwa mtu mmoja: Andrew Harris, aliyekuwa amerudi kwao.

Kisha ikaja fainali ya 2022, mjini Regina. Winnipeg ilikuwa imetwaa kombe la 2019 na la 2021, mashindano ya 2020 yakiwa yamefutwa kwa sababu ya korona. Sasa ilitaka la tatu mfululizo. Upande wa pili walikuwa Toronto Argonauts, na ndani ya kikosi chao walikuwamo Harris na Muamba. Robo ya mwisho, Toronto ikiongoza kwa pointi moja, Muamba alinasa pasi ya Winnipeg. Mechi iliisha 24 kwa 23. Muamba akachukua tuzo zote mbili za fainali, zilezile alizochukua Harris miaka mitatu nyuma.

Je, waliofurahi Mei 2011 walikosea? Walisema huyu kijana ataamua mechi kubwa, na akaiamua. Kuhusu mtu walikuwa sahihi. Ambalo hawakuwa na njia ya kulijua ni miaka 11 ya kungoja, na kwamba atakayelia siku hiyo ni wao.

Orodha ileile ina funzo jingine chini kabisa ya macho ya watu. Katika nafasi ya 29, Calgary ilimchukua Brad Sinopoli wa Chuo Kikuu cha Ottawa, mpiga pasi aliyekuwa ametoka kushinda tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vikuu. Hakuwa mpiga pasi mkuu katika ligi. Alibadilishwa kuwa mpokeaji, akahamia Ottawa, na akawa Mkanada bora wa ligi mwaka 2015 na tena 2018. Hapo waliochagua walimpata mtu sahihi kwa kazi isiyo sahihi, na ilibidi yeye mwenyewe ajifunze kazi mpya akiwa tayari na sifa katika ile ya zamani.

Nina karibu umri waliokuwa nao vijana hawa majina yao yalipoitwa, na nimeshakaa mbele ya kamati zinazopima nani anafaa kufadhiliwa. Kwa hiyo siwezi kuzisoma tathmini hizi kama mtu wa nje. Sitamani ziandikwe kwa ubaridi. Kijana wa miaka 22 anahitaji mtu wa kumwamini kabla ya ushahidi kupatikana, na timu iliyoshinda mechi 4 inahitaji sababu ya kufungua milango ya uwanja mwaka unaofuata. Ninachotamani ni subira wakati wa kufunga hesabu. Mwaka 2019 Winnipeg ilimchukua Brady Oliveira, kijana wa mjini hapohapo, akiwa wa 14. Aliumia mapema katika msimu wake wa kwanza. Aliyempa alama Desemba ile angeandika kwamba nafasi imepotea. Mwaka 2024 Oliveira alitajwa mchezaji bora wa CFL, kati ya Wakanada na Wamarekani wote.