Nairobi hadi New York bila kuondoka Utende

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa Utende, kijiji kinachotazamana na Kisiwa cha Chole wilayani Mafia, akitaka kupanda ndege hulazimika kwenda Kilindoni, ambako ndege ndogo humfikisha Dar es Salaam kwa takribani nusu saa. Akiwa na kompyuta yenye programu ya kuigiza urukaji, anaweza kuirusha Boeing 787 kutoka Nairobi hadi New York akiwa barazani kwake.

Safari hiyo, iliyozinduliwa na Shirika la Ndege la Kenya Oktoba 28, 2018, ina urefu wa karibu kilomita 11,800 na huchukua takribani saa 15 kwenda na 14 kurudi, kwa kuwa pepo za juu huvuma kutoka magharibi. Haijafikia ile ya Singapore hadi New York inayozidi saa 18, lakini kwa Afrika Mashariki ni ndefu vya kutosha.

Ugumu wake huanzia ardhini. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, injini na mabawa hupungukiwa nguvu, na ndege haiwezi kubeba uzito ambao ingeubeba ikiruka kutoka pwani. Kuondoka usiku, kukiwa na baridi, husaidia kidogo.

Wakati wa uzinduzi, shirika hilo lilitangaza kuwa kila safari ingehitaji tani 85 za mafuta, marubani wanne na wahudumu 12. Mafuta nayo ni mzigo: kila tani inayoongezwa huchoma mafuta zaidi ili ibebwe. Ndiyo maana ndege huanza chini kidogo, kisha hupanda hatua kwa hatua kadiri inavyopungua uzito. Anayelazimisha kupanda mapema, iwe angani au kwenye kompyuta, hupoteza mafuta atakayoyahitaji baada ya kuvuka Atlantiki.

Marubani wanne hupokezana kulala. Wa kompyuta yuko peke yake, na wengi huuachia mtambo wa kujiongoza kazi yote au huharakisha saa za programu. Hapo ndipo mazoezi yanapogeuka mchezo, kwani kazi yenyewe ya safari ndefu ni kukesha: kulinganisha mafuta yaliyobaki na hesabu ya awali, na kujua wakati wote uwanja wa dharura ulio karibu endapo injini moja kati ya mbili itazimika.

Saa za barazani hazihesabiwi katika leseni. Zinazotambuliwa ni za mashine zilizoidhinishwa na mamlaka za usafiri wa anga. Katika zile za daraja la juu kabisa, zinazotikisika kama ndege, rubani mzoefu anaweza kukamilisha mafunzo ya aina mpya ya ndege kabla hajaigusa yenyewe.

Kwa Utende lipo jambo jingine. Tangu toleo la mwaka 2020, Microsoft Flight Simulator huvuta picha za ardhi kupitia intaneti. Mtandao ukiyumba, Sahara hubaki bila sura. Umeme ukikatika, safari huanza upya Nairobi.