Fedha na Feruzi za Wanavajo

Wasikilizaji, sisi tusemao Kiswahili tuna neno moja, fedha, kwa madini yale meupe na kwa mali tununuliayo vitu. Leo nitawaelezeni habari za watu ambao kwao mambo hayo mawili yalikuwa moja kweli kweli. Ndio Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, wakaao katika nchi kavu ya Arizona, New Mexico na Utah, huko Marekani.

Wengi hudhani kwamba ufundi wao wa fedha ni wa tangu kale. Sivyo. Feruzi, jiwe lile la rangi ya samawati na pengine kijani, walilitukuza tangu zamani. Bali kazi ya fedha walijifunza katika karne ya 19 kwa wahunzi wa Mexico. Mtu atajwaye kuwa wa kwanza ni Atsidi Sani, yaani Mhunzi Mzee, ambaye alianza kwa kufua chuma.

Katika mwaka 1864 msiba mkubwa uliwapata. Askari wa Marekani, baada ya kuteketeza mashamba yao na kuharibu mifugo, waliwaswaga kwa miguu yapata maili 300 hata Bosque Redondo, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Huko walipewa posho kwa vyeti. Husimuliwa kwamba vyeti vya karatasi vilipoigwa, jeshi likatoa vya madini, na wahunzi wa Kinavajo wakaviiga hivyo navyo, watu wapate kula. Simwoni awezaye kuwalaumu.

Mwaka 1868 mkataba uliwarudisha kwao, na ndipo ufundi ulipoenea. Waliyeyusha dola za fedha. Serikali ilipokataza kuharibu sarafu zake, wakatumia peso za Mexico. Fedha waliifua kwa nyundo, au waliimimina katika kalibu ya jiwe laini lililochongwa, kisha wakaipiga mihuri ya nakshi. Kupachika feruzi juu ya fedha kulianza yapata mwaka 1880.

Pambo lao mashuhuri ni mkufu wenye kidani mfano wa mwezi mchanga, kiitwacho naja. Mwezi huo umesafiri sana! Waislamu waliotawala Hispania waliupamba katika hatamu za farasi, Wahispania wakauchukua mpaka Mexico, na Mnavajo aliuona juu ya paji la farasi kabla ya kuuvaa kifuani mwake.

Basi, mapambo hayo hayakuwa urembo mtupu. Mfugaji wa kondoo hupata mapato mara mbili kwa mwaka, manyoya yakatwapo na wana-kondoo wauzwapo. Katikati ya nyakati hizo alikwenda kwa mwenye duka, akaweka rehani mkufu au mshipi wake, akachukua unga, kahawa na sukari. Mwenye duka mwema hakuuza rehani hata muda ulipopita, tena alimwazima mwenyewe pambo lake siku ya ngoma na ibada, naye akalirudisha. Wabaya nao walikuwapo.

Wasafiri wa reli walileta soko jingine. Tangu 1899 kampuni ya Fred Harvey iliagiza mapambo mepesi ya kuuzia wageni, na baadaye viwanda vikaiga kwa mashine. Mwaka 1935 serikali iliunda bodi ya kulinda kazi za mikono za wenyeji, na sheria ya 1990 ikazidisha adhabu ya kuuza kitu kwa kudai uwongo kwamba ni kazi yao.

Katika miaka ya 1970 kanuni za rehani zilikazwa, na maduka mengi katika nchi ya Wanavajo yakaiacha biashara hiyo. Vile vitu ambavyo wenyewe hawakuweza kuvikomboa, leo matajiri huvitafuta kwa jina la rehani ya zamani, na huvinunua kwa bei ipitayo mbali deni lile la unga na kahawa.