Kujihami na Kujieleza: Mshtakiwa wa Omurushaka mbele ya Mahakama

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 18A, inampa kila mtu haki ya kujihami, kumkinga mwenzake na kulinda mali iliyo mikononi mwake kihalali. Kifungu cha 18B kinaweka mpaka: nguvu itumike kwa kadiri inayohitajika tu, na anayesababisha kifo kwa kupita kiasi ana hatia ya kuua bila kukusudia. Kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kunyongwa. Basi uhai wa mshtakiwa unategemea jinsi anavyosikika anapoeleza kilichotokea, na hapo ndipo naona haki hii ingali na kasoro kubwa.

Tuchukulie mkulima wa kijiji jirani na Omurushaka wilayani Karagwe, njia panda ya kuelekea Kyerwa, amevamiwa usiku kwenye migomba yake, na katika purukushani mvamizi akafa. Mahakama itataka mambo madogo madogo. Panga lilikuwa limeinuliwa au limeshushwa? Mkulima alikuwa na pa kukimbilia? Alipiga tena baada ya mtu kuanguka? Tukio hilo amelibeba kichwani kwa Kinyambo, lugha yake ya nyumbani. Katika Mahakama Kuu, Bukoba, atalisimulia kwa Kiswahili. Na kwa miongo mingi jaji aliyemsikiliza mtu kama yeye aliandika kumbukumbu kwa Kiingereza. Akisema mvamizi "alinijia juu", tishio limo ndani ya kauli yenyewe. Ikiandikwa kwamba mvamizi alimsogelea, tishio limetoweka, na Mahakama ya Rufani husoma kilichoandikwa.

Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ingawa imeacha nafasi ya Kiingereza pale maslahi ya haki yanapohitaji. Februari mosi mwaka huohuo, Rais Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, akamteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Naunga mkono mageuzi hayo kwa moyo wote. Mahakama za mwanzo zilikuwa zikiendesha mashauri kwa Kiswahili tangu zamani, na mawakili hawakuruhusiwa humo kwa miaka mingi, kwa hiyo mwananchi alijitetea kwa kinywa chake na akaeleweka. Waliosema Kiswahili hakimudu sheria walikuwa na jibu mbele ya macho yao.

Hata hivyo, kwa mzee wa Karagwe aliyekulia katika Kinyambo, safari imefika nusu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi utafsiriwe kwa mshtakiwa asiyeielewa lugha inayotumika. Hilo linamsaidia kusikia. Lakini wapo wanaoelewa Kiswahili cha sokoni na kuitikia kila swali, kisha wakashindwa kueleza hofu ya sekunde chache zilizoamua kila kitu. Ukimya wao huonekana kama kukiri. Hakimu au jaji amuulize mshtakiwa, kabla hajaanza kujitetea, angependa kusimulia kwa lugha gani. Na pale mkalimani anapotumika, kauli zinazogusa tishio na hofu ziandikwe kama zilivyotamkwa, tafsiri ifuate chini yake, ili mahakama ya juu izipime yenyewe.