Mashujaa Wanaposimuliwa Upya kwa Giza



Vijana wengi wa jumuiya zetu ndogo ndogo wanazifahamu sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu kuliko maisha ya watakatifu wasimamizi wao. Katika miaka ya 2000 walizitazama katika vibanda vya video, sauti ya mkalimani ikitia Kiswahili juu ya Kiingereza. Siku hizi huzitazama katika simu. Nao wameona badiliko ambalo sisi wazee hatukulitilia maanani. Batman wa televisheni ya Marekani ya mwaka 1966 alikuwa mtu wa mzaha na rangi za kung'aa. Yule wa Christopher Nolan, aliyeanza mwaka 2005 katika Batman Begins na kuendelea mwaka 2008 katika The Dark Knight, ni yatima mwenye donda moyoni, atembeaye usiku. Superman naye alisimuliwa upya mwaka 2013, na mwishoni mwa filamu hiyo anamwua adui yake kwa mikono yake mwenyewe.

Je, jambo hili ni geni kwetu? La hasha. Sisi tunaokaa mahali ambapo Mto Malagarasi unaingia katika Ziwa Tanganyika tunao mfano wake, tena wa mashujaa waliopita kweli mbele ya mwambao wetu. Mwezi Novemba 1871 Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone pale Ujiji. Tarehe 27 Desemba mwaka huohuo waliondoka pamoja kwa mitumbwi kuelekea kusini, wakapita mlango wa mto wetu huu, kisha wakashuka nchi kavu na kuelekea Tabora.

Masimulizi ya kwanza ya safari hiyo yalijaa mwanga mtupu. Stanley alitoa kitabu chake mwaka 1872. Shajara za mwisho za Livingstone zilichapishwa mwaka 1874, zikiwa zimehaririwa na rafiki yake, Horace Waller. Mwaka 1939 Hollywood ikatengeneza filamu, Spencer Tracy akiwa Stanley: mwandishi jasiri na mzee mtakatifu, pasipo doa wala kunyanzi.

Baadaye giza likaingia. Mwaka 1990 ilitoka filamu Mountains of the Moon, juu ya Burton na Speke, waliofika ziwani kwetu mwaka 1858. Humo wavumbuzi hao ni watu wa wivu, majeraha na usaliti. Wanahistoria nao hawakubaki nyuma. Ilijulikana kwamba kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu siku ile ya Ujiji zilichanwa, hata wengi wakatilia shaka salamu yake mashuhuri. Mwaka 2011 wataalamu, kwa kutumia picha za mianga ya aina mbalimbali, walifaulu kuisoma shajara ambayo Livingstone aliiandika mwaka 1871 juu ya magazeti makuukuu, kwa wino wa mimea, maana karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Ikaonekana kwamba yale aliyoyaandika papo hapo, hata juu ya watumishi wake mwenyewe, yalikuwa yamepunguzwa makali kabla ya kuchapishwa. Tena yajulikana kuwa mpinzani huyo wa utumwa aliishi na kusafiri kwa hisani ya wafanyabiashara wa watumwa, na ndio waliomleta Ujiji mwaka 1869 akiwa mgonjwa mahututi.

Hapa ndipo penye hatari kwa vijana wetu. Ajapo msimulizi na kufunua doa la shujaa, kijana huambiwa: unaona, hakuna mtu mwema. Leo hulisema neno hilo juu ya Batman, kesho juu ya katekista, keshokutwa juu ya baba yake mzazi na juu ya Kanisa. Asiyetumaini kwamba wema unawezekana hatajitaabisha kuutafuta.

Je, tufanyeje basi? Turudi kwenye hadithi safi zisizo na doa? Hapana, wapendwa. Maandiko Matakatifu yenyewe hayakufanya hivyo. Kitabu cha Pili cha Samweli kinatueleza uzinzi wa Daudi na jinsi alivyopanga kifo cha Uria. Injili ya Marko haikuficha jinsi Petro alivyomkana Bwana mbele ya kijakazi. Na mapokeo ya kale husema Marko aliyapata kutoka kwa Petro mwenyewe. Lakini Maandiko hayaishii hapo. Yamtazama pia Uria, aliyedhulumiwa, yamtuma Nathani, yasimulia machozi ya Petro.

Kwa hiyo tupime kila simulizi la giza kwa swali moja: giza hili limewekwa kwa ajili ya nani? Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya Mto Lualaba, Livingstone aliwaona wafanyabiashara wakiwafyatulia risasi watu wa sokoni, wengi wao wanawake. Mamia waliuawa au kufa maji. Taarifa yake ilipofika Uingereza mwaka 1872, iliongeza nguvu ya madai yaliyozaa mkataba wa Juni 1873, ambao Sultani Barghash aliutia sahihi na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Giza lile lilisimuliwa kwa ajili ya waliouawa, likazaa haki. Giza linalotumika tu kumfanya shujaa apendeze zaidi kwa watazamaji, huku wadhulumiwa wakibaki vivuli nyuma yake, ni biashara tu.

Na tena, sinema hizi hutufundisha kwamba jeraha huzaa kisasi. Ziwa letu lina ushuhuda mwingine. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Mto Niger, akaibwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani. Mapadre wa Afrika wa Kardinali Lavigerie walimkomboa huko Algeria, wakampeleka Malta kusomea utabibu. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, kusini mwa ziwa hili hili, akawatibu watu na kuwafundisha dini hadi kifo chake mwaka 1956. Alioa huko, na mwanawe mmoja akawa padre. Mwanzo wa maisha yake una giza kuliko wa Batman yeyote. Lakini hakuvaa kinyago wala hakwenda kuwinda adui usiku. Alishika dawa na bendeji.

Wazazi, tunawasihi msiwanyang'anye vijana sinema zao. Kaeni nao, mzitazame pamoja, kisha muwaulize: aliyeumizwa yuko wapi katika hadithi hii? Na jioni ya Jumapili hii wasimulieni habari za Atiman, pamoja na utumwa wake wote, bila kuficha kitu. Giza lake litawafaa, kwa maana wataona jinsi neema ilivyopita ndani yake.

Mungu awabariki nyote.